Salamu za Noeli, pamoja na kumbukumbu ya Mwalimu Daswa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu, jamaa na marafiki. Noeli njema kwenu nyote: mliokwisha kufika nyumbani, na mlio bado njiani mmebanana kwenye mabasi ya Desemba kwenda Moshi, Bukoba au Songea. Wazee wetu, shikamooni. Majirani zetu Waislamu ambao kila mwaka tunakula nanyi pilau la siku hii, karibuni tena.

Mwaka huu nawaletea salamu hizi pamoja na jina la mtu ambaye huku kwetu hatumtaji vya kutosha: Mwenyeheri (cheo cha Kanisa kinachotangulia utakatifu) Benedict Daswa. Alizaliwa 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, Venda, ambako leo ni mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katekista, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wanane. Alibatizwa mwaka 1963, akiwa na miaka 16, akachukua jina la katekista aliyemfundisha dini.

Ninamkumbuka hasa majira haya kwa sababu ya tarehe 26 Desemba. Kila mwaka siku hiyo ilikuwa siku ya familia nyumbani kwake. Walikaa wote, wakala pamoja, watoto wakapewa zawadi, na zawadi zenyewe zilikuwa sare na vifaa vya shule kwa ajili ya mwaka unaoingia. Nimelipenda sana jambo hili. Sisi wengi tunachinja, tunanunua nguo za sikukuu, tunasafiri ukoo mzima, kisha Januari inatukuta hatuna kitu na mtoto anatakiwa shule. Kwa Daswa, daftari lilikuwa sehemu ya sherehe, na mtoto alilipokea kwa furaha mbele ya ndugu zake.

Alikuwa mkuu wa shule, lakini nyumbani alifua nguo na kubeba kuni, kazi ambazo wanaume wenzake waliona ni za mke. Angekuwa huku kwetu, wangesema amelishwa limbwata. Shuleni alilima bustani ya mboga pamoja na watoto. Alishiriki kwa mikono yake kujenga kanisa la kwanza la kijiji cha Nweli. Aliwafundisha vijana mpira, na timu ilipotaka kutumia dawa za mganga ili ishinde, aliondoka akaanzisha nyingine.

Msimamo huohuo ndio uliomgharimu uhai. Januari 1990 radi ilipiga katika eneo lao na nyumba zikaungua. Kikao cha kijiji kikaamua kila mmoja achange randi tano, aitwe mganga wa kumtaja mchawi aliyeleta radi. Daswa alisema radi ni jambo la asili, na kwamba imani yake haimruhusu kutoa mchango huo. Randi tano zisingemshinda mwalimu mkuu. Angeweza kuzitoa kimyakimya, akarudi zake nyumbani salama. Lakini alijua mwisho wa pesa ile: jirani fulani, pengine bibi kizee asiye na mtetezi, angetajwa, akafukuzwa au kuuawa.

Jioni ya 2 Februari 1990 alikuta barabara imefungwa kwa magogo na mawe. Kundi la watu lilimpiga mawe, likamkimbiza hadi kibandani alikojificha, likamuua. Ilikuwa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, na siku hiyohiyo mjini Cape Town Rais F. W. de Klerk alikuwa ametangaza kuondoa marufuku dhidi ya ANC, chama cha ukombozi kilichopinga ubaguzi wa rangi. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia habari ile kubwa. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa baba yake akiwa tayari kaburini.

Tarehe 13 Septemba 2015 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, kule kwao Limpopo. Nami huwa nafikiri juu ya ile tarehe 26: ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, naye aliuawa kwa kupigwa mawe. Baba huyu alikuwa akiwakusanya wanawe siku hiyo, miaka yote ile.

Ndugu zangu, habari hii haiko mbali nasi. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni walizotupikia. Kilifi wazee wameitwa wachawi huku watu wakitamani mashamba yao. Na vipo vijiji ambako watu huchangishana kumleta mganga wa lambalamba aje kufichua wachawi. Mchango huo ukikufikia, usiutoe, hata wakikutazama vibaya. Na ukiona mwenzako amekataa, simama karibu naye, asibaki peke yake.

Noeli hii, mkiwa mmekaa pamoja, hebu mwiteni yule bibi anayesemwasemwa pale mtaani. Apewe kiti, apakuliwe chakula pamoja na watoto, watoto wamwamkie. Na tarehe 26, mwenye uwezo anunue daftari hata moja kwa mtoto wa jirani.

Mwenyeheri Benedict Daswa, utuombee. Noeli njema, na heri ya mwaka mpya kwa kila nyumba.