Barua ya wazi kwa Gavana wa Nakuru: Meno ya watoto wetu yanaharibikia chekechea

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru,

Ninafundisha gredi ya nne upande wa Kaptembwo. Darasani kwangu wamo watoto ambao hawacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja. Meno yao ya mbele yana mabaka ya kahawia, na mengine yamechimbikachimbika juu. Kuna msichana niliyemkuta nyuma ya choo akiyasugua kwa mchanga hadi ufizi unatoka damu. Wenzake humwambia hapigi mswaki. Anapiga, kila siku.

Kinachowaharibu ni madini ya floraidi yaliyo kwenye maji. Miamba ya Bonde la Ufa ilitokana na volkano, maji yanayokaa chini humo huyayusha madini hayo, na sehemu kubwa ya maji tunayotumia Nakuru hutoka visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kisima cha ploti moja kinaweza kuwa salama na cha jirani kikawa kimepita hapo, na hutajua kwa kutazama wala kwa kuonja.

Wazazi wengi hawajaelezwa kwamba meno ya ukubwani huumbika ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo, tangu uchanga hadi kama miaka 8. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, jino linaumbika na ganda bovu. Likichomoza darasa la kwanza au la pili, tayari limeshaharibika, na hakuna dawa ya kulirudisha lilivyopaswa kuwa. Mimi naona matokeo tu. Madhara yenyewe yalitokea mtoto akiwa nyumbani na chekechea, na chekechea, Mheshimiwa, Katiba imeiweka mikononi mwa kaunti katika Jedwali la Nne, pamoja na huduma za maji.

Sasa nije kwa linaloniuma zaidi. Mtoto wa Milimani na mtoto wa Rhonda wanaishi jiji moja, lakini kwao Milimani mzazi anaweza kuweka mashine ya kuchuja jikoni, au akanunua maji yaliyosafishwa ya kunywa na ya kupikia. Mtoto akipata mabaka, atapelekwa kwa daktari wa meno yafunikwe. Kwetu, mama anayefulia watu nguo ili watoto wapate chakula hawezi kununua maji ya kunywa ya dukani, sembuse ya kuchemshia githeri. Na githeri hukaa jikoni saa nyingi. Maji yanapungua, anaongeza, yanapungua tena, anaongeza tena. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani. Mtoto huyohuyo mara nyingi hapati maziwa, na upungufu wa kalsiamu humzidishia madhara.

Mhudumu wa afya ya jamii anapomwambia mama huyo achemshe maji, anatii, na afanye hivyo kila siku, maana kuhara na kipindupindu huua. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi hata kidogo. Mama amefanya kila alichoambiwa na bado mtoto wake anaficha mdomo. Hilo haliwezi kuitwa uzembe wa wazazi.

Ninachoomba kinawezekana. Kila kisima kinachouzia watu maji, kiwe cha kampuni au cha mwenye ploti, kipimwe floraidi, na matokeo yabandikwe pale pale penye mfereji, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa. Mama akijua kioski kipi kina nafuu, atamwelekeza huko mtoto anayetumwa na mtungi. Pale ambapo maji yamezidi kiwango, yachanganywe na yenye floraidi kidogo au yachujwe. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilishaonyesha njia hapa hapa kwetu, kwa vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa haijapungua machinjioni.

Ila kama pesa zinatosha jambo moja tu, anza na matangi chekechea. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mabati yapo, mifereji ya paa si ghali, na mvua za kwanza zikiachwa zioshe vumbi, yanayofuata yahifadhiwe kwa ajili ya kunywa na kupikia uji. Mtoto wa miaka 4 anayekunywa maji hayo siku nzima shuleni anapunguziwa kiasi kikubwa cha sumu katika umri ule ule ambao meno yake yanaumbika.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Nakuomba katika bajeti ijayo kuwe na fungu lililoandikwa wazi: matangi ya maji ya mvua, shule za chekechea, Kaptembwo na Rhonda kwanza.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa gredi ya nne, Kaptembwo, Nakuru