Kwa Zuhura, kuhusu yale makelele

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ni hili joto tu la Dar linalotutoa roho. Ujumbe wako wa sauti niliupata, pamoja na kile kicheko chako cha mwishoni, ukiniuliza ni makelele gani niliyokutumia na kama siku hizi nimepungukiwa. Kwenye simu nisingeweza kukueleza vizuri, ungenikatiza kila dakika. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Ile ni albamu ya The Downward Spiral ya Nine Inch Nails, iliyotoka Machi 1994. Utaona jina kama la bendi, lakini studioni wakati ule Nine Inch Nails ilikuwa zaidi mtu mmoja, Trent Reznor, kijana wa mji mdogo wa Mercer, Pennsylvania, aliyelelewa na babu na bibi baada ya wazazi wake kuachana. Wengine aliwaita kwa kazi maalumu: mtayarishaji wa muziki aitwaye Flood alishirikiana naye kuisimamia, Adrian Belew akaja na gitaa lake. Nyimbo ni 14, saa moja na ushei, na zote ni za mtu mmoja asiyetajwa jina ambaye anabomoka. Anatupa kimoja baada ya kingine: Mungu, mapenzi, watu, mpaka anabaki na nafsi yake, na hiyo ndiyo asiyoweza kuitazama. Katika wimbo wa pili kutoka mwisho, wenye jina la albamu yenyewe, anajiua. Nakwambia mapema, sitaki ukutane nalo bila kujua.

Najua utasema: mwenzangu, mimi na hali yangu hii ndiyo unaniletea mambo hayo? Ngoja kwanza.

Wimbo wa kwanza, ‘Mr. Self Destruct’, unaanza na kishindo cha kitu kinachopiga, polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Ni sauti iliyochukuliwa kwenye filamu ya THX 1138, mtu anapigwa. Halafu gitaa zinalipuka. Sasa sikiliza anayeimba. Si yule mtu. Ni kile kilichomkalia, kinajisifu, kinataja nguvu zake moja moja na kumkumbusha kuwa ndicho kinachomwendesha. Wewe umekulia Tanga, hili huhitaji kufundishwa. Mtu akipandwa, mganga haanzi kwa kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Anamuuliza aliyepanda: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Mimi albamu hii naisikiliza hivyo hivyo. Kila wimbo nauliza, sasa hivi anasema nani? Mara nyingi anayesema kwa sauti kubwa, anayejua kila kitu, anayetukana kwa uhakika, siye mwenye mwili.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Uliniambia kwamba tangu yale yaliyokupata, kila ukinawa uso asubuhi kuna sauti inayokutukana, na sauti hiyo ni yako. Mimi sikubali kwamba ni yako. Imejifunza tu kuongea kama wewe.

Tulipokuwa shule ulilia sana na riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi, ukawa unamtetea Kazimoto kama ndugu yako wa damu. Basi huyu wa Reznor ni wa ukoo ule ule, hata ugomvi na Mungu anao, upo kwenye ‘Heresy’, na ni ugomvi mzito. Usiuweke mama akiwa sebuleni. Tofauti ni kwamba Kazimoto anafikiri kwa maneno, na huyu anafikiri kwa kelele. Gitaa zimepitishwa kwenye kompyuta zikachanwachanwa mpaka huwezi kujua ni gitaa au ni mashine ya kukatia vyuma. ‘March of the Pigs’ ina mapigo saba, saba, saba, kisha manane, kwa hiyo ukijaribu kutikisa kichwa unajikuta umekosea hatua, halafu ghafla kila kitu kinanyamaza na kinabaki kipande cha piano kitamu kama cha tangazo la sabuni. Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye kikaniogopesha kuliko kelele yenyewe. Na kuna sauti fupi ya kushuka, noti chache tu, inayojitokeza kwenye piano mwishoni mwa ‘Closer’ na kurudi tena kwenye wimbo wa kile kifo. Ukiitambua mara moja hutaweza tena kutoisikia.

(‘Closer’ yenyewe watu waliicheza disko wakidhani ni wimbo wa mahaba. Ni mtu anayetumia mwili wa mwenzake ili ajikimbie. Shauri yao.)

Kuna jambo moja simtetei. Sehemu kubwa ya albamu aliirekodia kwenye nyumba ya kupanga, namba 10050 Cielo Drive, Los Angeles. Ni nyumba ile ambayo Agosti 1969 wafuasi wa Charles Manson walimuua mwigizaji Sharon Tate akiwa na mimba kubwa, pamoja na watu wengine wanne, wakaandika kwa damu neno ‘Pig’, yaani nguruwe, mlangoni. Reznor akaweka studio humo na kuiita Le Pig. Ujana na upumbavu, basi. Lakini alikuja kusimulia mwenyewe kwamba siku moja alikutana na mdogo wake Sharon, yule dada akamuuliza kama anakitumia kifo cha ndugu yake kwa kukaa mle ndani. Alirudi nyumbani akalia. Alikuwa hajawahi kulitazama jambo lile kutoka upande wa aliyefiwa. Mimi hapo huwa nasimama kidogo, maana albamu nzima ni mtu aliyejifungia na maumivu yake mpaka hakuna mwingine anayeonekana, na aliyeitengeneza alihitaji mwanamke mgeni amuulize swali moja ndipo aone kwamba kuna wengine wanaoumia. Nyumba ilibomolewa mwaka ule ule wa 1994. Ule mlango aliondoka nao kwenda nao New Orleans. Sijui nimweke kundi gani kwa hilo.

Hata jalada lina habari yake. Ni kazi ya msanii Russell Mills, na ndani yake kuna plasta, kutu, nta, damu, nondo waliokufa na bendeji za hospitali. Ukiliona kwa mbali utadhani ni ukuta mchafu.

Sasa wimbo wa mwisho, ‘Hurt’. Mtu ameshakufa kwenye wimbo uliotangulia, kwa hiyo huyu anayeimba ni nani? Watu wanabishana. Jibu langu ni kwamba ni yeye mwenyewe, hatimaye. Yule mwenye kujisifu hayupo. Sauti ni ndogo, imepasuka, na kwa mara ya kwanza anamwambia mtu mwingine kitu bila kumtumia. Ndiyo maana Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, aliweza kuuchukua mwaka 2002, mzee wa miaka 70, mgonjwa, akabadilisha neno moja la matusi likawa taji la miiba, na wimbo ukamkaa kama aliutunga yeye. Kwenye video mkewe June anaonekana akimtazama. June alifariki Mei 2003, yeye akamfuata Septemba. Reznor alipoiona ile video alisema alihisi wimbo ule si wake tena.

Na yeye Reznor, ili ujue: baada ya albamu alizama kweli kwenye pombe na dawa za kulevya. Alitoka mwaka 2001. Sasa ana Oscar mbili za muziki wa filamu, ana mke na watoto.

Ukitaka kuisikiliza, isikilize mchana, si usiku ukiwa peke yako, na usianzie mwanzo. Anza na ‘A Warm Place’, hauna maneno, ni kama dakika tatu za kupumua. Kisha ‘Hurt’. Ukiona kifua kinabana, zima, hakuna atakayekudai. ‘Big Man with a Gun’ uruke, kwangu ni dhaifu. Yule mshauri wa hospitali uliyeanza kwenda kwake usimwache hata kidogo, mimi nakutumia muziki tu. Na ile sauti ya asubuhi ikirudi, nipigie saa yoyote, hata saa kumi alfajiri, tutaiuliza pamoja imetoka wapi.

Mama msalimie, mwambie ule mkeka wake nimeshaupata. Na wifi naye.

Shoga yako,
Rehema