Barua kuhusu shangingi unalotaka kununua

Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako niliipokea juma lililopita, nikaisoma mara mbili usiku huo huo, kwa sababu umeniuliza jambo ambalo nimelishika kwa mikono yangu kwa miaka mingi na ambalo siwezi kulijibu kwa neno moja la "nunua" au "acha". Umesema unataka gari kubwa la kukuleta Dar es Salaam kutoka Mbeya pamoja na familia, na kwamba umebaki na mawili: Land Cruiser 200 ya dizeli yenye injini ya V8, au Land Cruiser 300 ya dizeli yenye V6. Tena wenzako kazini wamekuambia kwamba shangingi lisilo na silinda nane si shangingi. Naomba univumilie nikujibu kwa urefu, maana fedha unazotaka kutoa ni nyingi na roho utakazozipakia humo nazipenda.

Nianze na hilo la silinda. Injini ya V8 ya dizeli iliyofungwa kwenye 200 ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,461 na tabo mbili, yaani vifaa vinavyozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini; katika hali yake ya nguvu zaidi hutoa kilowati 200, na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 650. Ile V6 ya 300, gari lililotangazwa Juni 2021, ina ujazo wa 3,346 tu, yaani imepungua kwa robo nzima, lakini hutoa kilowati 227 na nyutoni-mita 700. Kwa hiyo anayekwambia kwamba umepunguziwa injini amehesabu silinda akasahau kuuliza zinafanya kazi gani. Siri kubwa iko mahali tabo zilipowekwa. Katika V8 ya zamani, tabo zimening'inia nje, moja kila upande wa injini. Katika V6 zimewekwa katikati, kwenye bonde lililopo baina ya safu mbili za silinda, na moshi unaotoka kwenye silinda haupigi safari ndefu kabla ya kulisukuma feni la tabo. Ndiyo sababu ukikanyaga mafuta gari hilo linaitikia mapema. Kinachotakiwa kuangaliwa hapo ni joto, kwa kuwa umekusanya vitu vya moto sana katika uvungu mmoja; rejeta safi, maji yenye kipoozi chake sahihi na oili inayobadilishwa kwa wakati ni masharti ya kuishi kwa injini ya namna hiyo.

Zingatia pia kwamba nguvu hizo za kuzungusha, ya V8 na ya V6, zinapatikana chini kabisa, tangu mizunguko 1,600 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo michache, V6 tayari inatoa takriban kilowati 117, na injini haijapiga hata kelele. Hiyo ndiyo raha halisi ya magari haya, ule utulivu wa kupanda bila kuhangaika. Giaboksi ya gia 10 iliyopo kwenye 300 inasaidia sana hapo, kwa kuwa inaiweka injini katika eneo lake la nguvu karibu muda wote, wakati 200 ya dizeli ina gia 6 na hulazimika kuruka hatua pana zaidi. Sitakuficha kwamba mlio wa V8 naupenda. Huwa nasimamisha kazi ninaposikia moja inaingia getini asubuhi ikiwa bado ya baridi. Lakini mlio hausimamishi gari, na hapo ndipo nataka tukae kwa muda.

Unatoka Mbeya, unapita Iringa, kisha unashuka mteremko mkali wa Kitonga. Chukua gari lenye watu saba na mizigo yao, jumla tani 3, na barabara inayopanda mita 8 kwa kila mita 100. Ukipanda kwa kilomita 60 kwa saa, kazi ya kuuinua uzito huo peke yake inahitaji kama kilowati 40. Unaziona? Magari yote mawili yana uwezo wa mara tano ya hizo au zaidi. Hakuna mlima kwenye barabara yako utakaoishinda mojawapo ya injini hizi. Sasa geuza gari lishuke mteremko huo huo kwa mwendo ule ule. Zile kilowati 40 hazikupotea. Zinarudi, na safari hii zinakusukuma mgongoni. Upepo na tairi huchukua sehemu ndogo, na zinabaki kama kilowati 30 ambazo lazima mtu azimeze, ama injini ama breki. Ni sawa na pasi 30 za umeme zilizowashwa kwa pamoja na kukandamizwa kwenye diski zako nne kwa dakika zote unazoshuka, nyuma ya lori ambalo nalo linashuka kwa kuomba Mungu.

Nilijifunza hili kwa hofu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza ndugu yangu mwingine kulichukua gari lake kubwa Iringa, gari ambalo silitaji jina kwa kuwa kosa halikuwa la waliolitengeneza. Mahali alipolifanyia matengenezo walimfungia pedi za breki za bei rahisi, na yeye akashuka Kitonga kwa gia ya juu huku mguu ukiwa umelala kwenye breki. Katikati ya mteremko tulisikia harufu ya kuungua. Kisha kanyagio likawa laini na kuzama, na gari likawa linapungua mwendo kwa kusitasita. Tulisalimika kwa kushusha gia moja baada ya nyingine mpaka injini ikaushika uzito, tukasimama pembeni palipokuwa na nafasi, tukakaa zaidi ya saa nzima bila kuongea. Diski zilikuwa zimebadilika rangi na kuwa za samawati. Tangu siku hiyo, mteja anaponiuliza gari lake lina nguvu za farasi ngapi, mimi namuuliza pedi alizozifunga alizinunua wapi.

Na mwendo huzidisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Nishati iliyomo katika tani 3 zinazokwenda kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 50, si mara mbili. Kutoka 100 hadi 120 umeongeza asilimia 44, na upepo unaokupinga nao umeongezeka kwa kiasi hicho hicho, na ndiyo maana tanki linakauka upesi baada ya Chalinze kwa wale wanaokimbilia kuingia mjini kabla ya giza. Shangingi lina umbo la kabati. Halikuchongwa kupasua upepo.

Kwa sababu hiyo, jambo ninaloliheshimu zaidi katika 300 ni uzito walioupunguza. Wahandisi wa Toyota walisuka upya chesisi ile ya ngazi, yaani fremu ya chuma yenye umbo la ngazi inayobeba bodi, wakatumia alumini kwenye baadhi ya mabati ya bodi, na gari likapungua uzito kwa takriban kilo 200 likilinganishwa na lililotangulia, huku umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ukibaki milimita 2,850, kipimo ambacho hakijabadilika tangu enzi za Land Cruiser 80. Kilo 200 ni abiria watatu ambao breki zako hazitawabeba, springi hazitawainua na tairi hazitawakokota, kila siku, kwa maisha yote ya gari. Ukiniuliza nini kilichoboreshwa, nitakutajia hicho kabla ya injini.

Kipo kifaa kingine ambacho, ukikikuta kwenye 200 unayoikagua, naomba ukitazame kwa makini, maana wauzaji wengi hawakielewi. Gari refu namna hii hupenda kulala upande mmoja kwenye kona, na dawa yake ya kawaida ni stebilaiza nene, yaani chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Lakini stebilaiza nene ikifika kwenye barabara mbovu inakuwa adui, kwa kuwa gurudumu moja haliwezi kushuka shimoni bila kumvuta mwenzake, na mwisho moja linaning'inia hewani. Kampuni ya Kinetic ya Australia iliutatua mgogoro huo kwa namna inayonifurahisha hadi leo: kwenye stebilaiza ya mbele na ya nyuma wameweka silinda za mafuta ya haidroliki, na silinda hizo zimeunganishwa kwa mabomba. Kwenye kona ya lami, mbele na nyuma husukuma kwa upande mmoja, mafuta hayana pa kwenda, stebilaiza zinakaza na gari linasimama wima. Kwenye makorongo, mbele husukuma huku na nyuma kule, mafuta yanapita kutoka silinda moja hadi nyingine, na stebilaiza zinalegea zenyewe.  Kazi kubwa hapo ni ya mafuta na mabomba. Toyota waliuita mfumo huo KDSS, na baadaye wakautengenezea mrithi wa kielektroniki kwenye 300 ya GR Sport. Ukiona alama za mafuta yanayovuja kwenye silinda hizo, au gari limeinama upande mmoja likiwa limeegeshwa mahali tambarare, jua kuna bili inakusubiri.

Umegusia pia Range Rover, kwa maneno machache, kama mtu anayeogopa kuchekwa kwa ndoto yake. Haina chesisi ya ngazi kabisa. Tangu ile ya mwaka 2012 bodi yake ni ya alumini inayojibeba yenyewe, na hukaa juu ya puto za hewa badala ya springi za chuma. Toleo la sasa likiwa na V8 ya lita 4.4 hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.6, na magurudumu yake ya nyuma hujipinda hadi nyuzi 7, hivyo linageuka mahali ambapo usingetegemea gari la ukubwa ule ligeuke. Ni uhandisi wa hali ya juu na nauheshimu kwa dhati. Kwa safari zako, hata hivyo, nataka kitu ambacho fundi wa Makambako anaweza kukifungua kwa spana alizonazo.

Kuhusu tairi, usikubali kuvutwa na rimu kubwa zinazometameta. Tairi ya 285/60 ya rimu ya inchi 18 ina ukuta wa milimita 171 kati ya chuma na lami. Ile ya 285/45 ya inchi 22 ina milimita 128 tu. Milimita 43 hizo ndizo zinazoamua kama shimo litakuwa mshtuko au rimu iliyopasuka saa mbili usiku mahali pasipo na mtu.

Na kuhusu maji, kwa kuwa utakuwa ukiingia mjini wakati wa masika: Land Cruiser hizi mbili zimetajiwa kina cha milimita 700, lakini kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia, kwa mwendo wa pole, na ardhi unayoijua. Pale bonde la Jangwani, hapa Dar es Salaam, maji yanatembea na chini yake huoni. Maji yakifika kwenye njia ya hewa na kuingia kwenye silinda, hayabanwi kama hewa. Pistoni inayapiga na konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, inapinda. Simama, subiri, au zunguka.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama mfuko unaruhusu 300 ya dizeli yenye historia safi ya matengenezo, chukua hiyo, na wenzako waache wahesabu silinda. Kama hauruhusu, 200 si gari la kuonea aibu hata kidogo, ila usimalize fedha zote kwenye kununua. Bakiza za pedi na diski halisi, shokapu, bushi, tairi nne na chujio za dizeli, kwa sababu nozeli za injini hizi zinanyunyiza mafuta kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja ya lile la hewa tunayoivuta, na tone la maji au punje ya vumbi vinatosha kuziharibu.

Umesema ile 200 ya kijivu iko kwa mtu wa hapa hapa mjini. Mwombe ailete gereji kwangu Jumamosi asubuhi, kabla ya saa tatu, injini ikiwa haijawashwa, ili niusikie ule mwasho wa kwanza. Nitaipandisha juu, nitafungua magurudumu yote manne na kupima unene wa diski. Tafadhali usimpe hata shilingi ya kushikilia gari mpaka nitakapokupigia simu.

Wako katika urafiki wa siku zote,

Fundi wako wa Tabata