Kwa matabibu vijana: upele hautoki kwenye damu chafu

Wanangu matabibu na wauguzi mnaoanza kazi zahanati,

Nawasalimu kwa upendo. Nimestaafu, lakini jambo moja linaniuma: mtoto analetwa ana upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, katikati ya vidole, hakulala usiku kwa kujikuna, kisha anaambiwa ana damu chafu na kupewa dawa ya kuisafisha.

Dhana hiyo Ulaya nako ilikuwapo. Madaktari waliamini upele ni uchafu wa mwilini unaotafuta pa kutokea, na wengine waliogopa kuuponya wasije wakaurudisha ndani. Aliyewabana kwa ushahidi ni Ferdinand von Hebra, mzaliwa wa Brno (mji wa Czech ya leo) mwaka 1816, aliyehitimu udaktari Vienna, Austria, mwaka 1841. Akiwa chini ya Josef Škoda, bingwa wa kifua, alikabidhiwa wagonjwa wa ngozi, na wengi wao walikuwa na upele. Alichukua wadudu wa upele akawaweka kwenye ngozi yake mwenyewe, akaugua, na mwaka 1844 akachapisha aliyoyaona. Dawa ya kupaka ikiua mdudu, ugonjwa umekwisha. Kutokea hapo akayapanga maradhi yote ya ngozi kwa kufuata kinachotokea ndani ya ngozi yenyewe, na Vienna ikawa shule ya fani hii.

Tena mdudu huyo hakuwa mgeni. Mwaka 1834 mwanafunzi wa udaktari kutoka kisiwa cha Corsica, Renucci, alimtoa kwa ncha ya sindano mbele ya madaktari wa Paris, kama alivyowaona wanawake wa kwao wakifanya. Wanawake wale walikuwa wamewatangulia maprofesa! Basi mama akikueleza habari za mwanawe, msikilize mpaka amalize.

Ninachowaomba ni macho yenu. Mgonjwa avue nguo, kwa staha, penye mwanga. Tazameni vifundo vya mikono, kwapa, kiuno, matiti, sehemu za siri. Ulizeni nani mwingine nyumbani anajikuna usiku. Kisha nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyewashwa, kwa sababu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuhisi lolote, huku akiwaambukiza wenzake. BBE, yaani dawa ya kupaka ya benzyl benzoate, ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni. Kwa watoto wachanga fuateni mwongozo. Nguo na mashuka yafuliwe siku hiyohiyo.

Waelezeni mapema kwamba muwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Asiyeambiwa hivyo huendelea kupaka kila siku mpaka ngozi inababuka. Wala msimwambie mama yeyote kwamba ni mchafu. Upele huingia hata kwa wanaooga mara mbili kwa siku, maana unafuata mgusano wa ngozi na kulala pamoja.

Mkiona vidonda vyenye usaha, vitibuni navyo siku hiyo. Bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo wanaweza kumletea mtoto ugonjwa wa figo.

Mzee wenu,
Tabibu mstaafu