Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: maumivu haya ya kichwa yalianzaje?

Mheshimiwa Waziri,

Tunaomba swali hilo liulizwe na kuandikwa mapokezini kwa kila anayelalamika kichwa, kuanzia zahanati. Kichwa cha kawaida hupanda taratibu. Cha mshipa uliotuna ukapasuka ndani ya fuvu hufika kilele ndani ya dakika moja, kama rungu la kisogoni. Mgonjwa hutapika; wengine huzimia, kisha wakaamka.

Huyo aliyeamka ndiye anayetuponyoka. Presha iko juu, kipimo cha malaria kimesoma, shauri limekwisha: anachomwa diklofenaki, anarudi nyumbani. Kumbe presha imepandishwa na damu iliyovuja, na diklofenaki inadhoofisha chembe sahani zinazoshikilia donge la damu pale penye tundu. Hatari ya kupasuka tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza.

CT-scan ya kichwa ikifanyika ndani ya saa 6 na kusomwa na mtaalamu, ni nadra kukosa damu hiyo. Ikichelewa, picha safi haitoshi. Yachukuliwe maji ya uti wa mgongo, walau saa 12 tangu kichwa kianze, kuangalia umanjano unaoachwa na damu iliyovuja. "Njoo Alhamisi" si miadi ya mgonjwa huyu.

Bohari ya Dawa nayo ihesabu nimodipini kwa mgonjwa, si kwa kopo: miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, yaani vidonge 252 vya miligramu 30. Haizuii kupasuka tena. Inapunguza madhara ya ubongo kukosa damu, hasa siku ya 4 hadi ya 14, mishipa inapojikaza. Presha ikishuka mno, apewe 30 kila saa 2. Asiyeweza kumeza apitishiwe mrija wa puani, na bomba la dawa libandikwe lebo: SI YA MSHIPANI; dawa ya kapsuli iliyoingizwa mshipani kimakosa imeshaua watu.

Kwenye gari la rufaa: kichwa kiinuliwe nyuzi 30, dripu iwe ya chumvi na si ya sukari, namba ya juu ya presha ishushwe taratibu hadi chini ya 160. Na simu itangulie, kwa sababu mshipa unatakiwa kubanwa kwa klipu au kujazwa koili (nyaya laini za kuziba palipotuna) mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, na saa hizo zilianza kuhesabika kichwa kilipopiga, si gari lilipofika getini.

Wauguzi na madaktari wa mishipa ya fahamu