Na waliovuta kamba je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua nichangie makala yenu ya wiki iliyopita juu ya yoti, vyombo vya matanga vya starehe, na mashindano yake huko Uingereza. Niliisoma nimekaa tezini mwa jahazi nikisubiri wageni wa jioni. Kazi yangu ndiyo hiyo: saa kumi na moja wageni wanapanda, tunatweka tanga, wao wanaangalia jua likizama, na saa moja usiku tunawarudisha pwani. Makala ilinipendeza. Wafalme wamo, makombe yamo, na tajiri wa chai yumo. Mvuta kamba ndiye hayumo.

Mmeanza na mfalme Charles II wa Uingereza. Sawa, huko ndiko wengi wanakoanzia. Mji wa Amsterdam ulimzawadia yoti iliyoitwa Mary mwaka 1660, na Oktoba 1661 akashindana na mdogo wake James katika mto Thames, kutoka Greenwich mpaka Gravesend na kurudi, kwa dau la pauni 100 (dau la fedha, si la kuvulia). John Evelyn, aliyekuwamo chomboni siku ile, aliandika katika shajara yake kwamba mara nyingine mfalme alishika usukani mwenyewe. Mara nyingine! Baharia akisoma neno hilo anauliza hapo hapo: na mara zilizobaki aliushika nani?

Jibu la swali hilo, kwa yoti kubwa zilizokuja baadaye, liko katika vijiji vya wavuvi. Tollesbury, Wivenhoe, Rowhedge na Brightlingsea, vyote vya pwani ya Essex, na Itchen Ferry karibu na Southampton. Wanaume wa huko majira ya baridi walivua dagaa na kukusanya chaza. Ikikaribia masika ya kwao, nahodha aliyeajiriwa na tajiri fulani alichagua watu wake, wengi wakiwa ndugu na majirani, wakaenda kuiandaa yoti iliyolala topeni tangu msimu uliopita. Kiangazi chote walikuwa juu ya sitaha wakipokea mshahara, na yoti ikishinda wakapata na bahashishi. Baridi ikirudi, nao wakarudi kwenye nyavu. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa maisha hayo. Mimi mwenyewe mvua za masika zikianza na wageni wakaisha, narudi kuvua.

Mwenye yoti, kwa kawaida, alikuwa chini anakula chakula cha mchana na wageni wake. Hata Thomas Lipton, yule tajiri wa chai mliyemsikitikia sana, hakuwa mshika usukani. Ni kweli alidhalilishwa. Aliligombea Kombe la Amerika, kombe kubwa la mbio za yoti, mara tano kati ya 1899 na 1930 kwa yoti zake za Shamrock, na mara zote ilibidi apitie klabu ya Royal Ulster, kwa sababu mabwana wa Royal Yacht Squadron, klabu ya wakubwa pale Cowes, Uingereza, hawakutaka muuza duka awe mwenzao. Walimpokea 1931, mwaka aliofariki. Lakini kama mlango ule ulimkataa milionea mwenye yoti yake, mvuvi aliyemwendeshea yoti hiyo hata hodi asingeweza kupiga.

Kisa ambacho nasikitika hamkukigusa ni cha 1934. T.O.M. Sopwith, mtengenezaji wa ndege, alikuwa na Endeavour, yoti ya daraja la J, yaani zile kubwa za mashindano, yenye mlingoti unaozidi mita 40, na wengi waliamini ina mbio kuliko Rainbow ya Mmarekani Harold Vanderbilt. Kabla ya kuvuka Atlantiki, mabaharia wake wa kulipwa walidai nyongeza. Hoja yao haikuwa tamaa. Mashindano yalikuwa Septemba, tena Newport, ng'ambo ya bahari, kwa hiyo wangechelewa kurudi na uvuvi wa baridi ungeanza bila wao. Sopwith akakataa. Waliogoma akawaacha, na nafasi zao wakazijaza wanachama wa klabu ya yoti, mabwana wa kujitolea wasiotaka malipo.

Endeavour ilishinda mbio mbili za kwanza. Ya tatu iliongoza, kisha ikapitwa. Baada ya hapo haikushinda tena: nne mfululizo zikaenda kwa Rainbow, na kombe likabaki New York. Wako wanaoilaumu kamati iliyokataa kusikiliza malalamiko ya Sopwith katika mbio ya nne, na wana hoja. Siwezi kuapa kwamba wavuvi wa Essex wangelileta kombe lile nyumbani. Ninachojua ni kwamba chombo kikubwa kikibisha, yaani kikipanda kinyume cha upepo, na upepo ukigeuka ghafla, mtu aliyelelewa kambani huwa ameshaikamata kamba kabla nahodha hajafungua mdomo. Hilo halifundishwi kwa mwezi mmoja.

Nisiwe mchoyo wa haki. Wapo waliosema zamani kwamba mchezo si mchezo kama kazi yote inafanywa na wa kukodiwa. Klabu ya Royal Corinthian ilianzishwa 1872 na watu wa fikra hiyo. Na mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror likatoa kiboti cha mbao nyembamba, chenye tanga jekundu, bei pauni 63 na shilingi 11, ambacho mwalimu au fundi bomba aliweza kukiunda nyumbani kwake. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Mbao zake zinashonwa kwa waya wa shaba kisha mishono inazibwa kwa gundi, jambo lililosifiwa kama uvumbuzi mkubwa. Wazee wetu walioshona mitepe, vyombo vyetu vya zamani, kwa kamba za makumbi wangecheka kidogo, halafu wangetaka kuishika hiyo gundi. Katika kiboti kile mwenye chombo ndiye anayevuta kamba, na mkewe na wanawe.

Mtasema hayo ni ya Uingereza. Basi hapa hapa Unguja Sultani Barghash alikuwa na yoti yake ya kifalme, Glasgow, iliyoundwa Uskoti na kushushwa majini 1878. Waingereza waliizamisha tarehe 27 Agosti 1896. Milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini mpaka 1912, na picha zake kila mtalii amezipiga macho. Mabaharia wake waliokolewa kwa boti za Waingereza hao hao. Jina la hata mmoja wao sijapata kulisikia, nami nimezaliwa Malindi.

Sasa ile picha mliyoiweka katikati ya makala. Maelezo yake yamemtaja mwenye yoti na mgeni wake. Wale waliokaa chini kwenye sitaha hawakutajwa. Wamevaa fulana nzito za sufu, na kifuani limeandikwa jina la yoti, kama ilivyokuwa desturi. Msimu huu mwenye jahazi ametupa na sisi fulana, ina jina la chombo mgongoni. Wageni huniita kwa jina hilo, nami huitika.

Baharia,
Malindi, Unguja