Barua kwa swahiba anayekwenda Los Baños

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na pilikapilika za safari. Nimefurahi mno kusikia umepata nafasi kwenye taasisi ya utafiti wa mpunga huko Los Baños, Ufilipino. Umeniuliza jambo moja: hao Wafilipino wanaosifiwa kwa kuipenda nchi yao na kwa nidhamu, sifa hizo mtu anaziona wapi akikaa nao? Nakujibu kwa kirefu, maana nyumba hiyo ina mlango wa mbele na mlango wa uani, na wageni wengi huishia wa mbele.

Mlango wa mbele ni bendera. Taasisi yako ni ya kimataifa, lakini majirani zako ni chuo kikuu cha serikali, na kwa sheria namba 8491 ya 1998 ofisi za serikali hupandisha bendera Jumatatu asubuhi na kuishusha Ijumaa jioni. Wimbo wa taifa ukianza, mwenyeji huigeukia bendera, huweka kiganja cha kulia kifuani upande wa moyo tangu mwanzo hadi mwisho, na huimba. Wewe mgeni simama wima tu, mikono chini, usitembee wala usiguse simu. Kikifuata kiapo kwa bendera, mkono hubadilika: huinuliwa usawa wa bega, kiganja wazi. Wengi husahau na kuuacha kifuani. Hata sinemani wimbo hupigwa, kwa hiyo usishangae watu wakisimama na bisi mkononi.

Ukipewa kibendera cha karatasi karibu na tarehe 12 Juni, sikukuu yao ya uhuru, kitazame kabla ya kukibandika mezani. Buluu hukaa juu wakati wa amani. Nyekundu ikiwa juu, maana yake nchi iko vitani. Ikining'inizwa wima, buluu iwe kushoto kwa anayetazama. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya peso 5,000 hadi 20,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wimbo nao haurembwi: huimbwa kama Julian Felipe alivyoutunga 1898, na waimbaji walioupindapinda ulingoni kabla ya pambano la ngumi wamekemewa hadharani na taasisi ya historia ya taifa.

Yote hayo utayajua wiki ya kwanza. Kinachonigusa mimi zaidi ni ahadi wanayosema watoto shuleni, Panatang Makabayan. Mtoto huanza kwa kusema anaipenda Ufilipino, nchi aliyozaliwa. Kisha, kwa kuwa anaipenda, anaahidi nini? Kusikiliza ushauri wa wazazi, kufuata kanuni za shule, kutimiza wajibu wa raia: kutumikia, kusoma, na kusali kwa moyo wa kweli. Hakuna bunduki hapo wala adui. Mapenzi ya nchi yanaanza na mtoto kumsikiliza mama yake, na kujitoa kwa taifa kunakuja mwishoni kabisa. Kauli mbiu ya taifa nayo imepangwa hivyohivyo: Mungu kwanza, kisha watu, kisha mazingira, halafu nchi.

Mpangilio huo una mizizi mirefu. Apolinario Mabini, mtoto wa wakulima kutoka Tanauan, si mbali na utakapokaa, alipooza miguu mwaka 1896, na miaka mitatu baadaye akawa waziri mkuu wa jamhuri yao ya kwanza akiwa amekaa kitini. Mwaka 1898 aliandika amri kumi kwa ajili ya wananchi wake. Nchi imo katika amri ya nne: ipende baada ya Mungu na heshima yako, na uipende kuliko nafsi yako. Hoja yake ilikuwa kwamba mapinduzi ya nje hayafiki popote kama watu hawakujipindua ndani. Wamarekani walipoichukua nchi, alikataa kuapa utii, wakampeleka uhamishoni Guam mwaka 1901. Leo sura yake iko kwenye sarafu ya peso 10, utaishika kila siku.

Nakuambia haya kwa sababu neno nidhamu lina kidonda kule. Ferdinand Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972, kauli mbiu ya serikali ilikuwa kwamba nchi ili iendelee inahitaji nidhamu. Watu walipangwa mistari, wakawekewa marufuku ya kutoka usiku, na wapinzani wakajazwa magerezani. Mwishowe umati uliojaa barabara ya EDSA siku nne za Februari 1986, wengine wakiwa na rozari mbele ya vifaru, ulijizuia kupigana na dikteta akaondoka. Kwangu mimi hiyo ya pili ndiyo nidhamu. Basi ukimsikia mzee anasifu nidhamu ya zamani na mwingine ananyamaza ghafla, usiingilie.

Sasa mlango wa uani. Neno la kujifunza ni *loob*, yaani ndani ya mtu. Ukitendewa wema mkubwa unabaki na *utang na loob*, deni la ndani. Halilipwi kwa fedha. Ukijaribu kumlipa aliyekuuguza unamtukana. Unalilipa kwa kuwapo siku yeye anapokuhitaji. Ubaya wake ni kwamba deni hilo halina risiti, na wanasiasa wanalijua: anayegharimia mazishi ya maskini leo anakuja kudai kura kesho.

Mwenzake ni *hiya*. Kwa sikio na kwa maana limekaribia neno letu *haya*, yaani aibu, ingawa lugha hizi mbili hazina undugu. Kumwita mtu hana hiya ni tusi zito. Kwa hiyo ukimwona msaidizi wako shambani amekosea kuhesabu machipukizi ya mpunga, mvute pembeni, wala usimsahihishe mbele ya wenzake. Na ukimwomba jambo akasema atajaribu huku anatabasamu, mara nyingi hiyo ni hapana. Muulize kwa njia nyingine: lipi tulianze, lipi lisubiri? Hapo atakupa ukweli.

Adabu za kila siku hazitakusumbua, mtu wa pwani wewe. Nyumba ya watu huiti hodi, unaita *Tao po!* Neno *po* ni la heshima, lipachike baada ya neno la kwanza: *salamat po*, asante. Dereva na mlinzi ni *kuya*, kaka. Muuza duka ni *ate*, dada. Kwa wazee kuna *mano*, shikamoo yao: unainama, unaomba mkono, unagusisha mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wako. Usiubusu. Na usimfanyie aliyekuzidi miaka michache tu, atadhani umemzeesha. Ukikuta watu wanakula watakuambia *kain tayo*, karibu tule. Mwaliko wa kwanza shukuru tu. Wakiurudia mara ya pili na kukusogezea sahani, kaa.

Ukitaka kuiona nidhamu bila hotuba, panda jeepney za kizamani. Ni kama daladala isiyo na konda. Aliyekaa nyuma anasema *bayad po*, anataja watu wangapi na wanashuka wapi, na nauli inapita mikono ya watu wasiojuana hadi kwa dereva. Chenji inarudi kwa njia hiyohiyo. Ukikaa karibu na dereva, kazi ya kupitisha ni yako. Kujifanya huoni ni aibu kubwa. Kushuka, sema *para po*. Nyumbani, taka zina mapipa mawili: *nabubulok*, zinazooza, na *di-nabubulok*, zisizooza. Ukizichanganya, wazoaji wa mtaa wanaweza kukuachia mfuko wako getini, majirani wakiona.

Udhaifu wao wameupa jina wenyewe, na naupenda ukweli huo. Ni *ningas kugon*, moto wa majani ya kugon: unalipuka mrefu, dakika chache umezimika. Sisi tunasema nguvu ya soda. Mradi unazinduliwa kwa fulana na mabango, mwezi wa tatu haupo. Dawa wanayoitumia wenye akili ni kumfunga kila mtu kwa mwenzake kwa tarehe na kiasi, na mfano bora ni *paluwagan*, upatu wetu huuhuu. Mishahara mingi hutoka tarehe 15 na 30. Watu 10 wakitoa peso 1,000 kila mshahara, kila zamu mmoja anachukua 10,000, na mzunguko unaisha miezi mitano. Unavunjika pale aliyechukua mapema anapoacha kulipa. Kwa hiyo ingia na watu wa kazini unaowaona kila siku, zamu zipigiwe kura, na mpya apewe zamu ya mwisho. Ukikuta paluwagan ya mtandaoni inayoahidi faida, kimbia. Upatu hauzai, unazungusha tu.

Shule zikikaribia kufunguliwa, uliza kuhusu Brigada Eskwela. Tangu 2003 wazazi na majirani hujitolea kwa siku kadhaa kukarabati shule za serikali: kupiga misumari viti, kuziba paa, kupaka rangi, kuzibua vyoo. Nenda na glavu zako na brashi. Fedha usitoe hata ukiombwa, michango ya lazima haitakiwi. Peleka kopo la rangi.

Wakubwa nao wana sheria yao, namba 6713 ya 1989, inayoweka uzalendo na maisha ya kawaida katika orodha moja ya maadili ya mtumishi wa umma, na kumtaka atangaze mali zake kila mwaka kabla ya Aprili kwisha. Ndiyo maana fedha za miradi ya kuzuia mafuriko zilipodaiwa kuliwa, maelfu walijaa barabarani Manila tarehe 21 Septemba 2025, na hasira kubwa ilikuwa juu ya magari na mikoba ya kifahari ya wahusika na watoto wao. Kwa Mfilipino wa kawaida, kuonyesha anasa huku jirani amezama kiunoni ni kukosa hiya.

La mwisho, mizigo. Beba *pasalubong*, zawadi za msafiri: vitu vidogovidogo vingi, si kimoja kikubwa, ili mezani asikose mtu. Pakiti ndogo za kahawa na korosho zinatosha, na kanga kwa mama mwenye nyumba wako. Los Baños wanasifika kwa pai ya dafu, ambayo haiwezi kufika hapa ikiwa nzima, kwa hiyo mimi niletee maembe makavu.

Ni mimi swahiba wako,
nikikuombea safari njema